Bi Ukucha na Mkia wa Neno

Sauti iliyonibakia ni ya ukucha. Ukucha wa dole gumba la kulia unakwaruza pembe ya pakiti, unatafuta mahali ambapo matabaka mawili ya plastiki yamegandishwa, unapata upenyo, unaingia, halafu unavuta: krrr. Niliisikia siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa kwenye ujia nje ya maabara, kabla sijamwona aliyeitoa. Ilifuatwa na maneno mawili tu, yaliyosemwa bila hasira wala huzuni: "Takataka hii." Mpaka leo sauti hiyo hunijia nikiwa jikoni kwetu, na mama yangu ameshanikataza mara nyingi kuchuna pakiti mezani watu wakiwa wanakula.

Mwenye ukucha huo anastaafu Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kubuni vifungashio katika kiwanda chetu. Cheo chake rasmi ni Mbunifu Mkuu wa Vifungashio, na hakuna anayekitumia. Kwa waendesha mashine yeye ni Bi Ukucha. Kwa wahasibu ni "yule mama". Idara ya masoko ina jina lake jingine, ambalo kamati ya sherehe imeniomba nisiliandike.

Kamati hiyo hiyo ndiyo iliyonipa kazi ya kuandika wasifu huu. Ilinielekeza niwe mchangamfu, nisitaje ugomvi, na nitumie angalau mara moja maneno "mama yetu mpendwa". Nimeshayatumia sasa hivi, tuendelee.

Kuhusu ugomvi sitaweza kutii, kwa sababu ukiutoa hakuna wasifu unaobaki. Wengi wenu mnajua kuwa tangu mwanzo wa mwaka kuna pakiti moja ya maziwa ya unga iliyokaa bila kuidhinishwa. Pakiti yenyewe ni nzuri. Kilichoizuia ni neno moja lililoandikwa mgongoni mwake, na mtu mmoja aliyekataa lipite. Waliolitaka neno hilo hawakubishana naye kwa muda mrefu. Waliangalia kalenda, wakaona anastaafu lini, wakatulia. Ndiyo maana Ijumaa kutakuwa na makofi mengi, na yatakayolia zaidi si lazima yawe ya wanaompenda. Tangu Jumatatu iliyopita kazi ya kuidhinisha pakiti ni yangu, na pakiti ya kwanza niliyoikuta mezani ilikuwa hiyo.

Bi Ukucha aliingia hapa akiwa fundi wa maabara mwenye cheti cha kemia, enzi ambazo tulitengeneza mifuko ya kawaida tu, ya unga na ya sabuni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima unene wa plastiki. Aliyekuwa bosi wake alimwambia hiyo ni kazi inayowafaa wanawake kwa kuwa inahitaji utulivu. Bosi huyo aliacha kazi mapema kuliko ilivyotarajiwa, na wanaokumbuka wanasema hakuondoka kwa sababu ya utulivu.

Kwa wasomaji wa uhasibu na wa getini, ambao kwa miaka wamekuwa wakituuliza kwa nini pakiti moja inahitaji matabaka matano, naomba nieleze kama alivyokuwa akieleza yeye, yaani kwa dharau kidogo. Maziwa ya unga yana mafuta. Mafuta yakikutana na oksijeni yanaharibika na kuanza kunuka kama kabati lililofungwa muda mrefu. Plastiki laini, ile ya mfuko, inazuia maji vizuri, lakini oksijeni inapita humo kama mgeni asiyebisha hodi. Kwa hiyo viwanda vingi, na sisi tukiwemo, tulifanya jambo la uvivu. Tulichukua plastiki ngumu inayochapika vizuri, tukaigandisha kwa gundi juu ya karatasi ya alumini, tukaigandisha alumini juu ya plastiki laini, matabaka matano ukihesabu na gundi, tukaita hiyo teknolojia. Oksijeni haikupita. Lakini na pakiti yenyewe haikwenda popote baada ya kutumika, kwa kuwa vitu vitatu visivyo ndugu vikishagandishwa hivyo havitengani, na ukiviyeyusha pamoja vinagombana.

Pakiti hiyo ya alumini aliibuni yeye. Tusimvike utakatifu. Ilimpatia tuzo, tuzo ikatundikwa ukutani pale mapokezi, na kila asubuhi alikuwa akipita chini yake ameinua kidevu.

Aliyekishusha kidevu hicho ni shemeji yake, mume wa mdogo wake. Shemeji ana karakana ya plastiki chakavu: ananunua, anaosha, anasaga, anayeyusha, na mwisho anapata punje ndogo anazowauzia watengeneza ndoo na mabeseni. Ni mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, anajisifu bila kuombwa, na kwa maelezo ya Bi Ukucha hajanyamaza tangu alipooa. Siku moja alikuja kwenye chakula cha familia na bonge la kijivu lenye ukubwa wa kichwa cha mtu, akalitua katikati ya meza, kati ya sahani na jagi la maji. Zilikuwa pakiti zetu. Zilikuwa zimeingia kwenye mashine yake zikiwa zimechanganyika na mifuko mingine, zikaziba chujio, na hilo bonge ndilo alilolibandua kwa patasi.

"Shemeji," alisema, "huyu mtoto wako. Hayeyuki, hasagiki, hasikii la mtu. Mlee mwenyewe."

"Toa uchafu wako mezani, watu wanakula," mkewe alisema.

"Uchafu gani, mke wangu? Huu una tuzo."

Meza nzima ilicheka. Bi Ukucha ametusimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara anasisitiza kuwa yeye hakucheka. Alilibeba bonge nyumbani kwake, kesho yake akalileta ofisini, akaliweka kuzuia mlango usijifunge. Lipo hapo mpaka leo, na wageni hudhani ni jiwe. Tuzo nayo ilibaki ukutani mapokezi. Yeye akaanza kuingilia mlango wa nyuma.

Wazo la pakiti mpya ni rahisi kulieleza na lilimla miaka. Badala ya kugandisha vitu visivyo ndugu, unatumia plastiki ya ukoo mmoja nje na ndani, ile laini, na katikati unaweka tabaka moja jembamba kuliko unywele, la plastiki nyingine yenye kipaji kimoja tu: haipitishi oksijeni. Tabaka hilo likiwa dogo vya kutosha, linayeyuka na wenzake bila kuleta fujo. Lina jina refu la kikemia ambalo nilitumia mwaka mzima chuoni kulizoea. Hapa kiwandani linaitwa Mlinzi, na jina hilo limepatikana kwa gharama.

Mkuu wa masoko wa wakati huo ndiye mkuu wa masoko wa wakati huu. Bi Ukucha alimwita Bwana Jani, kwa sababu hajawahi kuona pakiti asitake kuichora jani la kijani. Maziwa, jani. Sabuni ya unga, jani. Sumu ya panya, jani. Bwana Jani alipoletewa sampuli za kwanza aligundua jambo ambalo watu wa maabara hawakulijali: Mlinzi anang'aa. Plastiki laini ina sura ya mfuko hata uivalishe nini, lakini Mlinzi anametameta kama kioo kilichofutwa. Akauliza kwa nini kitu kizuri namna hiyo kimefichwa katikati.

"Kwa sababu akiloa analewa," Bi Ukucha alimjibu. "Ni mlinzi hodari, lakini mlevi. Unyevu ukimpata anasinzia, na kila mtu anaingia. Ndiyo maana analala chumba cha kati, plastiki huku, plastiki huku, asione maji."

"Mama, mteja ananunua kwa macho."

"Basi muuzie miwani."

Menejimenti ilisikiliza pande zote mbili, kama inavyopenda kusema, halafu ikaamua kwa kuangalia. Mlinzi akatolewa nje. Pakiti zikapendeza mno. Kalenda ya kiwanda ya mwaka ule ina picha zake, na kuna ofisi ambazo hazijaibandua. Zikapakiwa maziwa, zikakaa kwenye ghala la mteja majira yote ya mvua, na Mlinzi akalewa.

Maziwa yaliporudishwa, lori zima, kikao kiliitishwa kujadili kilichoitwa "changamoto ya ubora". Bi Ukucha hakuja na michoro wala takwimu. Alikuja na bakuli. Akalipitisha mkono kwa mkono kuzunguka meza, na kila mkuu wa idara akanusa kwa zamu yake. Bwana Jani alinusa, akafikiri, akasema labda tatizo ni la ng'ombe. Tangu siku hiyo tabaka lile ni Mlinzi kwa kila mtu, mpaka kwenye maombi ya ununuzi, na mfanyakazi yeyote akiharibu kazi akasingizia hali ya hewa anaambiwa amelewa unyevu. Mlinzi alirudishwa chumba cha kati. Bwana Jani hakurudishwa popote. Aliongezwa mshahara.

Mimi nilikuja miaka kadhaa baadaye, na shahada mbili. Bi Ukucha aliniita Msomi, na hakukusudia sifa. Wiki ya kwanza alinipa kipande cha pakiti ya alumini akaniambia nitenganishe matabaka yake. Nikamwomba kimiminika cha kuyeyushia gundi. Aliniangalia kama mtu aliyeombwa ngazi ya kupandia kitandani.

"Una kucha, huna?"

Sikuwa nazo, nilikuwa nikizikata fupi. Nikaanza kuziacha zirefuke, na sikumwambia kwa nini. Nadhani alijua, kwa sababu hakuna jambo la aibu la mtu mwingine lililowahi kumpita.

Hakuwa mwalimu mpole, na kama kuna anayelisoma hilo kwa mara ya kwanza hapa, basi hajawahi kufika ghorofa yetu. Nilimpelekea mchoro wa matabaka saba niliokuwa nikiuonea fahari, akasema nimejenga ghorofa la kuhifadhia chumvi. Nilimwandikia maelezo marefu, akanirudishia sentensi ya mwisho pekee, imekatwa kwa mkasi, nyingine zote kazitupa. Nililia chooni mara moja. Nilipotoka nilimkuta akinawa mikono, akanipa karatasi ya kufutia, akasema sentensi ile moja ilikuwa ya maana. Nikaifanyia kazi. Ilikuwa inahusu plastiki ya nje: kwamba tukiivuta kwanza pande zote mbili inakuwa ngumu kiasi cha kuchapika na kustahimili joto la kufungia, na hapo tungeachana kabisa na ile plastiki ngumu isiyo ya ukoo, ambayo bado tulikuwa tukiigandisha juu kwa ajili ya kuchapa. Majaribio yalipokubali, hakusema ni wazo zuri. Alisema, "Limechelewa." Nimewauliza waliofanya naye kazi muda mrefu zaidi. Hakuna aliyewahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo.

Sasa tuje kwenye neno.

Pakiti mpya ilipokaribia kukamilika, Bwana Jani aliagiza iandikwe mgongoni "Inarejelezeka", na jani pembeni. Maana yake, kwa msomaji wa kawaida, ni kuwa ukimaliza maziwa pakiti haiishii kwenye mtaro; inayeyushwa inakuwa kitu kingine. Tulidhani Bi Ukucha atafurahi. Alikataa, na hakukataa kwa sababu ya kemia. Alikataa kwa sababu ya Kiswahili.

"Sikilizeni mkia wa hilo neno," alituambia pale maabara, Bwana Jani akiwa amesimama na sampuli mkononi. "Ukisema inarejelezwa, kuna mtu anafanya. Ukisema inarejelezeka, mtu hayupo. Kuna uwezekano tu, umekaa kwenye kiti peke yake. Mlango unafungika, lakini umeachwa wazi. Barabara inapitika, lakini nani kapita? Mimi mwenyewe, mjane, ninaoleka vizuri tu. Muulizeni nani kaja."

Tulicheka wote. Bwana Jani alicheka kuliko wote, maana hakujua kuwa anachekwa yeye.

Hapo ndipo ilipozaliwa kanuni pekee ya maabara yetu ambayo haijabandikwa ukutani: mkia huo hauchapwi mgongoni mwa pakiti mpaka awepo mtu, mwenye mashine na mikono, aliyekwisha kuirejeleza pakiti hiyo hiyo, na aliye tayari kupokea nyingine. Ni kanuni ya kuudhi. Inamlazimu mbunifu atoke ofisini, atafute mtu ambaye hakuajiriwa kumsifu, ampe alichokitengeneza, angoje.

Mtu huyo, kwa bahati mbaya ya kila mmoja, alikuwa Shemeji. Alikubali kwa kelele. Mzigo wa kwanza ulitoa punje zenye madoa ya njano, yale anayoyaita chunusi, kwa sababu Mlinzi alikuwa mnene kupita kiasi na hakuyeyuka sawasawa na wenzake. Shemeji akapiga simu, na kwa sauti yake hapakuwa na haja ya spika kwa sisi wengine kusikia: "Shemeji, mtoto amebalehe." Tukampunguza Mlinzi. Chunusi zikapungua. Tukampunguza tena, tukapima tena oksijeni, tukapeleka tena mzigo, na Shemeji akapata kisingizio cha kutukana kila mara. Mwishoni alikuja mwenyewe maabara, akamwaga punje mezani, zote zimetakata, akatoa na ndoo ya buluu iliyotengenezwa nazo. Akaigeuza, akaikalia kuonyesha uimara. Ikamstahimili, na ukubwa wake nimeshauelezea.

Bi Ukucha alimwinua, akaichukua ndoo, akaitia ukucha pembeni na kuvuta. Hakuna kilichochunika. "Sawa," akasema. Shemeji aliniinamia akaniuliza, kwa ile anayodhani ni sauti ya chini, kama shemeji yake ni mgonjwa.

Hivyo tukawa na pakiti ya kweli: Mlinzi mwembamba, maziwa salama kwa miezi kumi na miwili, na neno lenye mtu nyuma yake. Nilidhani hadithi imeisha hapo. Nilikuwa mgeni bado.

Akaja mteja mkubwa anayetaka miezi kumi na minane. Hilo linawezekana, unamnenepesha Mlinzi. Lakini Mlinzi mnene ana chunusi, na Shemeji hamchukui. Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili za watu wenye haya: Mlinzi mwembamba, miezi kumi na miwili, na neno, au Mlinzi mnene, miezi kumi na minane, bila neno. Menejimenti ilichagua zote mbili. Ikachukua unene wa hii na neno la ile.

Nilikuwepo kwenye kikao hicho. Nilikaa nyuma, karibu na feni.

"Mama, kimsingi inarejelezeka," Bwana Jani alisema.

"Na nani?"

"Nasema kimsingi."

"Huyo Kimsingi karakana yake iko wapi, nimpelekee mzigo?"

Mkurugenzi aliingilia kati kwa upole. Alisema tuwe wepesi kidogo, biashara ni ngumu, na kwamba hakuna mnunuzi atakayekwenda kuyeyusha pakiti jikoni kwake ili atuumbue.

"Kwa hiyo tunamdanganya kwa kuwa hana tanuri," Bi Ukucha alisema. "Angalau tungetafuta mwenye tanuri, tudanganye mtu wa saizi yetu."

Hakuna aliyemlazimisha kuidhinisha. Waliacha tu kumwita kwenye vikao. Ghafla wakaanza kuulizia afya yake, magoti yake, wajukuu zake. Sherehe ya kumuaga ikapangwa kubwa kuliko ya mkurugenzi aliyepita. Zawadi ni siri, kwa hiyo sitasema kuwa ni saa ya ukutani. Nitasema tu kuwa imefungwa kwa karatasi ya kung'aa yenye picha za majani. Nimeichuna pembe. Ina alumini.

Bwana Jani alinitembelea mimi pia, na chupa ya juisi. Alisema yule mama ni wa enzi zake, tumheshimu, lakini mimi ni msomi, naelewa kuwa lugha inakua na maneno yanapanuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa msomi kwa sifa ndani ya kiwanda hiki, na nikalitamani lile tusi. Wakati wa kuondoka alinikumbusha, kwa upole uleule wa mkurugenzi, kuwa uteuzi wangu ni wa majaribio.

Sioni sababu ya kuficha kuwa niliogopa. Kazi hii ndiyo inayolipa pango la nyumba ninayoishi na mama yangu, na ada ya mdogo wangu ambaye bado hajamaliza shule. Kwa hiyo siku Bi Ukucha alipokuwa akikusanya vitu vyake, kikombe, mkasi, kitambaa cha kufutia miwani, nilimuuliza: yeye angekuwa mimi, angefanya nini na pakiti ile?

"Ningestaafu," alisema.

Nikamuuliza tena. Alichukua vipande viwili vilivyokuwa juu ya meza, cha Mlinzi mwembamba na cha Mlinzi mnene, akaniwekea kimoja kila kiganja, akaenda zake kunywa chai. Nilivitazama kwenye mwanga wa dirisha. Nilivikunja. Nilivikwaruza. Kwa macho na kwa mkono havina tofauti hata kidogo, na mtu yeyote duniani anayenunua maziwa asingeweza kujua amepewa kipi. Huenda hilo ndilo alilotaka nilione. Au alitaka chai tu.

Bonge aliliacha mlangoni. Hakusema ni zawadi.

Kamati inataka wasifu utaje mafanikio, nami nataja yale ambayo hayakuandikwa kwenye hotuba ya mkurugenzi, niliyoisoma kwa kuwa nimetakiwa kusahihisha tahajia yake. Ametufundisha kuchuna kitu kabla ya kukisifu. Amewafundisha waendesha mashine kumzuia mkuu yeyote asiyejua anachokitaka, na mashine zimesimama mara kadhaa kwa sababu hiyo, kwa haki. Amefanya neno "kimsingi" lisitamkike maabara bila watu kuangaliana. Na ametoka kwenye tuzo yake mwenyewe kwa mlango wa nyuma, jambo ambalo sijamwona mtu mwingine wa cheo akilifanya, wala sitegemei kuliona Ijumaa.

Tunamshukuru kwa dharau yake, aliyoigawa bila upendeleo, kuanzia kwa mkurugenzi hadi kwangu. Tunamtakia asubuhi zisizo na kengele, chai isiyokatizwa na vikao, magoti yenye utiifu, na meza ya familia ambayo Shemeji ataruhusiwa kuzungumza nusu ya muda tu. Akae salama, asikate ukucha.

Na kwa kuwa Ijumaa sitapewa kipaza sauti, naliandika hapa lililobaki. Jumatatu asubuhi niliidhinisha pakiti ya maziwa: Mlinzi mwembamba. Mteja nilimpigia simu mwenyewe, nikamwambia ni miezi kumi na miwili na nikamweleza kwa nini. Alisema atafikiri, na bado anafikiri. Bwana Jani amesema tutazungumza baada ya sherehe. Silinda za kuchapia zimeshachongwa, zimeshafungwa kwenye mashine, na pakiti za kwanza zilitoka jana. Neno limebaki, kwa sababu lina mtu. Jani nimelitoa.